Mkaa Usioiva

Kyoto, 20 Novemba 1961

Mama mpendwa,

Huku majani yamekwisha kwenye miti yote na maji ya bomba yanauma vidole. Wewe huko Kamitani najua unaota moto wa bure mlangoni mwa tanuri, unatucheka sisi wa mjini.

Nina shida, na nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kuitatua. Unajua mwezi wa pili nasimama mbele ya maprofesa kuwaeleza utafiti wangu. Nikifaulu, ile kazi ya maabara ya mkoa kule Wakayama ni yangu, na kila Jumapili nitapanda basi nije kula wali wako. Nikishindwa narudia mwaka, na kazi anapewa mwingine. Yote yamekalia utafiti huu.

Utafiti wenyewe ni juu ya mkaa wetu. Usicheke. Ukigusisha nyaya mbili kwenye mkaa mweupe kama wako, uliochomwa kwa moto mkali na kufukiwa majivu, umeme unapita. Ukizigusisha kwenye mkaa uliochomwa kwa moto mdogo, haupiti. Mti ni ule ule na kaboni ni ile ile. Tofauti ni jinsi hiyo kaboni ilivyojipanga ndani. Atomi zake zinashikana sita sita, kama vijumba vya sega la nyuki, na sega lenyewe ni jembamba kuliko karatasi yoyote. Moto ukiwa mdogo, vipande vya sega vinabaki vidogo, na pembeni vimeng'ang'aniwa na haidrojeni na oksijeni zilizobaki za mti, kwa hiyo havifikiani. Moto ukizidi, hizo zinafukuzwa, vipande vinaungana na kutanuka, na umeme unapata njia. Ila havilali sawasawa hata siku moja. Vinabaki shaghalabaghala, kama karatasi ulizozikunjakunja ukazitupa kapuni, na ndiyo maana mkaa ni mgumu na risasi ya penseli ni laini, ingawa zote mbili ni kaboni.

Sasa ombi. Nahitaji mkaa wa aina mbili kutoka kwenye tanuri lako: mmoja ulioiva kabisa na mmoja usioiva. Huo wa pili, funga tanuri mapema, moshi ukiwa bado mweupe na unachoma macho, kabla hujaufungulia upepo ule wa mwisho wa kuzidisha moto. Najua nakuomba nini. Tafadhali, Mama.

Mwanao,
Mitsue

*

Kamitani, 27 Novemba

Mwanangu Mitsue,

Barua yako nimeisoma, halafu nikaisoma tena nikidhani macho yangu yamezeeka. Hayajazeeka. Kweli umeandika nifunge tanuri mapema.

Mimi na mkaa tulianza kujuana kabla hujazaliwa. Baba yako alipofariki, wanaume wa hapa walisema tanuri litanishinda, nitashuka bondeni kuchuma matunda ya watu. Halikunishinda. Wapishi wa Osaka wanaomba mkaa wangu kwa jina. Leo mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia niharibu tanuri zima kwa makusudi, tena uharibifu wenyewe upelekwe chuo kikuu ukiitwa mkaa wa Uenaka Towa. Kwa nini niharibu zima? Kwa sababu, kama umesahau ukiwa huko kwenye vitabu, huwezi kuchomoa gogo moja katikati ya safari. Ukifungua mlango, hewa inaingia, na yaliyobaki yanawaka.

Halafu kuna majirani. Hapa moshi wa kila mtu uko hadharani. Jinpachi akitoka nje asubuhi anatazama dohani yangu kabla hajatazama mbingu. Akiona nimefunga kwenye moshi mweupe, mpaka jioni habari itakuwa imefika baharini.

Nimemsomea mambo yako ya sega. Kauliza asali iko wapi.

Lakini wewe ni mwanangu, na hiyo kazi ya Wakayama naitaka kuliko unavyoitaka wewe. Nitaona la kufanya.

Mama yako,
Towa

*

Kamitani, 13 Desemba

Mitsue,

Mzigo huo. Vipande vya uzi mwekundu ndivyo ulivyoviita visivyoiva, vya uzi mweupe ndivyo vilivyoiva. Vyote nimevifuta majivu visije vikachafua meza za wasomi. Nimeweka na chupa ya plamu za chumvi, zile chachu unazozipenda.

Sitasema mengi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe ni mtoto wa mchoma mkaa. Ukivishika tu, utaelewa ya moyoni mwangu. Niandikie umevionaje.

Mama yako,
Towa

*

Kyoto, 23 Desemba

Mama,

Mzigo umefika salama. Mkaa ni mzuri mno, wote, wa uzi mwekundu na wa uzi mweupe. Hivyo hasa ndivyo nilivyotaka, na nimeelewa umehangaika kiasi gani kwa ajili yangu. Plamu zimekwisha, nusu kaziiba Nomura, kijana tunayefanya naye kazi maabara.

Mwaka mpya sitakuja. Kazi imenibana. Usiwe na wasiwasi, mimi mzima wa afya.

Mwanao,
Mitsue

*

Kamitani, 30 Desemba

Mwanangu,

Umenitua mzigo. Nilikuwa naogopa kufungua barua yako, nikamwachia Jinpachi aifungue, akaisoma kwanza kimyakimya kwa kusudi la kunitesa. Kumbe umeelewa bila kuambiwa, na hukukasirika. Damu nzito kuliko maji.

Basi kaa huko ufanye kazi. Jana tumetwanga wali wa mochi za mwaka mpya. Jinpachi alikuja kusaidia kutwanga, lakini kala kuliko alivyotwanga. Zako nimezianika, nitazituma zikikauka.

Kula vizuri. Barua yako ya mwisho mwandiko ulikuwa umelala upande, nikasema huyu anaandika huku amelala. Au ndiyo mwandiko wa wasomi?

Mama yako,
Towa

*

Kyoto, 12 Januari 1962

Mama, kaa chini kwanza.

Nimegundua kitu. Nimepima mkaa wa uzi mwekundu, ule usioiva, na umeme unapita. Unapita kama kwenye ulioiva, hakuna tofauti. Nilidhani nimekosea nyaya, nikapima tena. Nomura naye akapima, majibu yale yale. Maana yake mwaloni wetu wa ubame hausubiri moto mkali kama miti mingine. Vipande vya sega vinaungana mapema, moshi ukiwa bado mweupe! Hakuna kitabu kinachosema hivyo.

Profesa wangu, Kuramochi, hana mazoea ya kusifu mtu, lakini kazunguka meza mara nyingi huku kashika kidevu. Amesema nikiweza kulitetea hili mbele ya wenzake, si kufaulu tu, litachapishwa. Nimekwisha andika kurasa zote upya. Nasimama tarehe kumi na sita Februari. Mama, mimi na wewe tumepata bahati ya mtende.

Mwanao mwenye furaha,
Mitsue

*

SIMU YA MAANDISHI
Kamitani, 15 Januari

MKAA WA UZI MWEKUNDU UMEIVA. NI MZURI. USIWAAMBIE MAPROFESA KITU. BARUA INAFUATA. MAMA

*

Kamitani, 15 Januari

Mwanangu Mitsue,

Nimetoka posta sasa hivi. Karani kanisomea maneno yangu kwa sauti mbele ya watu, akauliza kama nimekosea, maana hajawahi kuona mtu anatuma simu ya haraka kutangaza kwamba mkaa wake ni mzuri.

Nakueleza yote. Nilijaza tanuri kwa ajili yako. Yale magogo yaliyopinda niliyapasua, nikayatia kabari yanyooke, kama ambavyo ningefanya kwa mkaa wa wapishi. Siku ya kufunga ikafika. Moshi mweupe, macho yananichuruzika, kila kitu kama ulivyoandika. Udongo wa kuziba nilikuwa nao mkononi. Nikajiambia, funga, Towa. Mkono ukakataa. Nikasema nifungulie upepo kidogo tu, nani atajua. Halafu kidogo tena. Mwisho wake mkaa wote ukaiva, nikautoa umewaka mpaka ndani, nikaufukia majivu, na ulipopoa ulikuwa mzuri kuliko wote niliochoma mwaka huu. Nikaufunga uzi mwekundu, nikakutumia.

Niliwaza hivi: mkaa mbovu umejaa Kyoto, Mitsue akiutaka ataununua dukani, lakini usitoke mkononi mwangu. Na ulipojibu kwamba wote ni mzuri, nikajua umetambua, ukaamua kunisitiri. Ungeachaje kutambua? Mkaa ulioiva ukiugonga unalia kama kengele. Hata watoto wa hapa wanajua. Umeugonga, ukausikia, halafu ukaenda kuwaambia maprofesa haujaiva?

Nimekukosea, mwanangu. Kiburi changu kimekuharibia. Lakini nawe nieleze masikio uliyaacha wapi.

Mama yako,
Towa

*

Kyoto, 18 Januari

Mama,

Nimekasirika, na nasema wazi ili nisikae nayo. Kurasa zote nilizoandika nimezitia motoni. Nimekwenda kumwambia Profesa Kuramochi kwamba ugunduzi wangu ni mama yangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema vitabu vibaki kwanza kama vilivyo, na akaniuliza kama muda uliobaki unatosha.

Sasa zamu yangu. Sikuugonga mkaa. Sikuuona hata ukiwa vipande. Mzigo ulipofika nilikuwa nimelazwa na homa ya mapafu, sipandi wala sishuki. Nomura aliufungua, akaugonga kwa nyundo ukawa unga, kama ninavyofanya siku zote kwa vipimo, akaweka kila unga kwenye chupa yake. Barua ile ya kukusifia niliiandika kitandani. Niliogopa ukijua naumwa utaacha tanuri linawaka na kupanda treni. Kwa hiyo wewe ulinidanganya kwa mkaa, mimi nikakudanganya kwa kuusifia. Nimepona sasa, usije.

Nahitaji mkaa usioiva ufike kabla ya tarehe nane Februari. Tofauti na hapo sina la kusimama nalo. Wa dukani haufai, sijui mti wake wala tanuri lake, na maprofesa watauliza hilo kwanza. Safari hii sitaki uzuri, Mama. Nataka ubovu wa kweli. Kama mkono wako utakataa tena, niambie sasa hivi, nijitoe kabla sijaaibika.

Mitsue

*

Kamitani, 4 Februari

Kwa binti Mitsue,

Mimi ni Shiozaki Jinpachi, jirani yenu wa tanuri la chini. Sijazoea kuandika barua, univumilie. Mama yako amenikataza kukuandikia, na kwa sababu hiyo naona lazima kuna jambo la kuandika.

Kwanza, habari ya homa ya mapafu imefika huku. Mama yako alisema "mficha maradhi kifo humuumbua" kutwa nzima, huku anapasua magogo kwa nguvu nisiyopenda kuikumbuka. Halafu akajaza tanuri, akawasha, na tukadhani mambo yamekuwa ya kawaida.

Jumatano iliyopita nikatoka nje, nikatazama dohani yake. Moshi umekatika. Ulikuwa mweupe mzito, mara hakuna. Binti, wewe umezaliwa hapa, unajua. Towa kufunga kwenye moshi mweupe ni kitu kisichowezekana, kwa hiyo nikajua amekufa. Nilichukua kamba nikapanda mbio. Mke wa jirani yetu Tamai alikuja na ndoo ya maji, kaka zake na majembe, na mtu mmoja akateremka kumwita daktari, ambaye alikuja na pikipiki yake. Nadhani kijiji kizima tulikuwa pale, na mbwa wawili.

Tukamkuta mama yako amekaa chini, mgongo kwenye mlango wa tanuri, udongo mbichi umemjaa mpaka kwenye nywele. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema, "Nimefunga. Na nimekaa hapa ili nisifungue."

Nikadhani kapata homa na yeye. Daktari akampima mapigo, akasema ni mzima kuliko sisi. Ndipo mama yako akatueleza habari ya mtihani wako, bila kumtazama mtu usoni. Mke wa Tamai alicheka mpaka akamwaga ndoo. Lakini mama yako alizidi kuegemea mlango. Akaniambia, "Jinpachi, nikisimama, nishike."

Nikakaa naye. Alisimama mara mbili, na mara mbili nilimshika. Alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Udongo ulipokauka, akasema basi, nenda kwako, na asante. Mimi nimeishi jirani naye miaka yote hii na asante yake hiyo ndiyo ya kwanza, kwa hiyo nimeona niiandike mahali.

Jitahidi kwenye mtihani.

Shiozaki Jinpachi

*

Kamitani, 5 Februari

Mitsue,

Mkaa wako huo. Tanuri limepoa leo, nimeutoa mchana kweupe watu wanatazama.

Ni mwepesi, unachafua mikono, unanuka moshi, na ukiugonga unatoa sauti kama mtu anayepiga mto wa kulalia. Sina la kuusifia. Jinpachi kagonga kipande kimoja, akavua kofia, akanipa pole. Nimeweka pamoja na mwingine ulioiva, wa tanuri hili hili, mti wa mteremko ule ule.

Kwenye mzigo nimeandika kwa wino: Mkaa usioiva, umechomwa na Uenaka Towa. Mtu akikuuliza, usimung'unye maneno. Mwambie ndiyo, ni wake, na alikusudia.

Ugonge kwa mkono wako mwenyewe safari hii. Usimwachie Nomura.

Mama yako,
Towa

*

Kyoto, 17 Februari

Mama,

Nimefaulu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini utataka kusikia yote. Chumba kilikuwa na baridi na maprofesa walikaa na makoti yao. Nikaunganisha nyaya kwenye mkaa ulioiva, mshale wa kipimo ukaruka. Nikaziunganisha kwenye mkaa usioiva, mshale ukakaa kimya. Profesa mmoja aliinama kuangalia kama nyaya zimegusa kweli. Zilikuwa zimegusa. Nikachora ubaoni vipande vya sega, vidogo na vilivyozungukwa huku, vipana na vilivyoungana kule, na vyote shaghalabaghala. Walinielewa, Mama. Nilikuwa nikiona wananielewa.

Halafu mzee kuliko wote, anayeogopwa na kila mtu, akaniuliza nimejuaje kwamba mkaa huu ni wa moto mdogo kweli, si mti mbovu au tanuri bovu. Akasema mchoma mkaa wa huko kwetu Kishu hawezi kukubali kutoa kitu kama hiki, yeye kakulia huko, anawajua. Nikajua hapa ndipo naanguka au nasimama. Nikamwambia, "Ni kweli, hawezi. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alikaa chini akaegemea mlango wa tanuri asije akaufungua, na jirani akamshika. Ni mama yangu."

Wakacheka wote. Yule mzee hakucheka. Alichukua kipande cha mkaa usioiva, akakigeuza, vidole vikawa vyeusi, akaniuliza kama mama yangu yu mzima baada ya hapo. Nikasema anaendelea vizuri. Akaandika alama yangu papo hapo.

Naanza kazi Wakayama mwezi wa nne. Mwambie Mjomba Jinpachi namshukuru kwa kukushika, na kwa kutokusikiliza ulipomkataza kuniandikia.

Mwanao,
Mitsue

*

Kamitani, 21 Februari

Mwanangu Mitsue,

Barua yako kaleta mtu wa posta huku anapiga kengele tangu bondeni, maana yule karani kamwambia ni ya yule mama wa simu. Nimeisoma, kisha nikamsomea Jinpachi, kisha mke wa Tamai akaja nikamsomea na yeye. Palipoandikwa kwamba mzee alichafua vidole, Jinpachi alitaka parudiwe.

Mkaa uliobaki hakuna wa kuununua. Watu wa ushirika waliutazama wakaniuliza kama nimeibiwa tanuri. Nimewaambia ni wa wanasayansi, hawataujua. Nautumia mwenyewe jikoni, unafusha nyumba nzima, na paka amehamia kwa Jinpachi.

Leo asubuhi nilikaa jikoni na barua yako mapajani. Jinpachi akapita kumrudisha paka, akanikuta machozi yananitoka, akageuza uso kwa heshima, akasema mkaa usioiva ni mbaya sana kwa macho. Nikamwambia jiko sijaliwasha. Nalia kwa sababu mwanangu amefaulu kwa mkaa mbovu kuliko wote uliowahi kutoka Kamitani, na aliyeuchoma ni mimi.

Mama yako,
Towa